Mama Yuko Bafuni

Gerezani, milimani Pennsylvania
12 Machi 2017

Dada Verdell,

Salamu nyingi kutoka kwa bingwa wa dhumna wa jengo C, mpishi mkuu wa tambi za kuloweka, na mshauri wa mambo ya kimataifa kwa yeyote asiye na televisheni. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika baridi ikizidi, lakini hilo goti halijawahi kuridhika na kitu. Theluji bado imekaa uwanjani kama mgeni aliyeambiwa karibu chakula akaamini.

Habari za hapo nyumbani? Mwanao Jarvis bado yuko na yule msichana wa kliniki ya meno? Mwambie mjomba wake amesema amuoe. Mimi nimezunguka dunia, wanawake nawajua. Usicheke. Nimelala selo moja na Mjamaika, Mrusi, na jamaa wa Alaska aliyeapa kuwa amekula nyangumi. Mtu akikaa na watu wa namna hiyo hahitaji pasipoti.

Sasa kaa chini. Umekaa? Siku ya kesi imetoka. Tarehe ishirini Juni, hapo hapo Philadelphia, mahakama ile ile, ila jaji mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza ameshakwenda kuhukumiwa yeye. Wakili wangu, Bi Kessler, ni mdogo kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani amekuja kumtafuta baba yake. Lakini ana kichwa. Anasema ile hukumu ya kufia jela waliyotupa tukiwa watoto haisimami tena. Mahakama ya Juu ya nchi imesema mtoto ni mtoto, hata akiwa na kosa kubwa, na wote tuliofungwa hivyo tupimwe upya. Majaji wazima, dada, na majoho yao na maktaba zao, wamehangaika miaka yote hii kugundua kitu ambacho Mama aliwaambia mwaka 1986 wakimtoa mahakamani kwa kupiga kelele: "Huyo ni mtoto!" Wangemsikiliza, tungeokoa karatasi nyingi.

Jaji akinipa miaka thelathini, nimeshaimaliza na chenji inabaki. Itakuwa bado bodi ya parole, wale wanaoamua nani atoke chini ya uangalizi, kunihoji, halafu nyumbani.

Bi Kessler anataka nilieleze jambo lenyewe bila kulipamba: mimi na miaka yangu kumi na mitano nimesimama nje nikilinda mlango, mwenzangu Dupree yuko ndani na bastola, na Bwana Trent hakutoka tena hai dukani mwake. Nimemwambia hilo sihitaji kufundishwa. La kufundishwa ni lingine. Amenikataza utani. "Bwana Broadnax, hata mmoja." Nikamwambia basi aje na sindano ya usingizi.

Nilipiga simu Jumapili ukasema Mama yuko bafuni. Jumapili ya kabla yake pia bafuni. Mwambie aache kujisugua, ngozi ni hiyo hiyo. Na umwambie nakuja.

Mdogo wako,
Clifton, bingwa


Philadelphia
2 Aprili 2017

Mdogo wangu Clifton,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu ukiniambia nikae huwa nafanya kinyume. Tena nilikuwa jikoni shuleni, katikati ya chakula cha mchana, mwiko mkononi. Nikalia. Watoto kwenye mstari wakaanza kuulizana. Mmoja akasema, "Bi Verdell, ni kitunguu?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, ni kitunguu, chukua sahani yako uende. Kumbe siku hiyo tulikuwa tunapakua keki.

Hapa wote wazima. Jarvis na msichana wa meno wamegombana, wamepatana, wamegombana tena, kwa hiyo nadhani wataoana. Binti yangu Lorraine bado yuko Georgia, kila wiki ananiuliza, "Mama, utakuja lini kutuona?" na kila wiki namjibu nikipata nafasi. Mchungaji Gaddis alikutangaza kanisani. Sijui nani alimwambia, mimi nilimwambia mke wake tu. Sasa wanawake wa kwaya wameshagawana chakula cha siku utakayofika. Kuku wa kukaanga ameshachukuliwa. Makaroni ya jibini yameleta ugomvi. Pai ya viazi vitamu anaoka Sista Odessa, na mtu asithubutu.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Ile rangi ya kijani uliyokuwa ukiipenda hawaitengenezi tena, au labda ilikuwa uchafu tu. Kitanda nimenunua kipya.

Mama hajambo. Kitanda chake tumekishusha sebuleni maana zile ngazi zinachosha. Simu haipendi siku hizi, anasema inamuunguza sikio. Na ukipiga ukaambiwa yuko bafuni, basi yuko bafuni. Mwanamke mzima ana haki ya kuoga.

Clifton, njoo Juni. Usipigane, usibishane, usicheze dhumna na mtu aliyeamka na hasira. Njoo Juni.

Dada yako,
Verdell


Gerezani
9 Mei 2017

Dada wa mimi peke yangu,

Hapa milimani majani yametoka, na askari wametoka na miwani ya jua kama waigizaji wa sinema. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimepandishwa cheo. Sasa nafanya kazi kwenye hospitali ya gereza, nasukuma viti vya wagonjwa, nabadili mashuka, nalisha wasioweza kushika kijiko. Ukiniandikia, weka "Daktari" mbele ya jina, hata kama ni kwa penseli.

Waambie wanawake wa kwaya wasigombanie makaroni. Nitakula ya kila mmoja, kisha nitatoa hukumu, na rufaa hakuna.

Mzee Lomax anakusalimia. Unamkumbuka, ndiye aliyenipokea hapa. Ulikuwa unamwona siku za kutembelewa, akiwa peke yake pale kwenye mashine ya kahawa, akijifanya amekuja kuangalia mashine.

Kuna kajambo kadogo. Tarehe yangu imesogea. Siyo Juni tena, ni Oktoba. Unawajua watu wa mahakama, leo faili liko huku, kesho liko kule, na Bi Kessler naye ana watu wengi. Usiwe na wasiwasi. Tumengoja miaka yote hii, miezi minne ni kufumba na kufumbua.

Sasa nikuulize. Ngazi zilianza kumchosha Mama lini? Mimi namjua Mama wa kuzipanda na kikapu cha nguo kiunoni akiimba, na kukupiga kofi akiwa njiani bila kukosa hata neno moja la wimbo. Nilipiga tena Jumapili. Jarvis akapokea. "Bibi yuko wapi?" Akasema, "Bafuni, Anko," haraka haraka, kabla sijamaliza kuuliza. Huyo mtoto umemlea vizuri. Hajui kusema uongo.

Clifton


Philadelphia
21 Mei 2017

Clifton,

Salamu zipo, zichukue. Sote wazima.

Nimempigia Bi Kessler. Nimemwambia mimi ni dada mtu, na nataka kujua ni jaji gani mwenye miguu mizito kiasi hiki. Nikamsikia akifunua karatasi. Halafu akasema, "Bi Verdell, mimi nilikuwa tayari. Jaji alikuwa tayari. Aliyeomba isogezwe ni yeye."

Wewe.

Nimekaa na neno hilo siku nne ndipo nikashika kalamu, maana ningeandika siku ile ile karatasi ingewaka.

Sisi tumekuja huko milimani kila tulipopata gari, kwenye mvua, kwenye barafu, Mama akiwa na soksi mbili mbili. Tumekula vile visandwichi vya mashine. Tumevuliwa viatu na kupekuliwa. Mlango unafunguliwa, na wewe unasema subirini kidogo?

Kama ni uoga, sema ni uoga. Sitakucheka. Najua huku nje hukujui, ulitoka huku watu wanatumia simu za kutumbukiza sarafu. Lakini usinidanganye kwa utani. Mimi nimekubeba mgongoni, nautambua uongo wako hata ukiwa umevaa kofia.

Clifton, si kila mtu ana Oktoba. Sisemi zaidi.

Verdell


Gerezani
30 Juni 2017

Dada Verdell,

Nimechelewa kujibu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara inaanza na mzaha, nami naichana.

Uko sawa, ni mimi niliyeomba. Tarehe ishirini ilipita nikiwa natandika kitanda cha mtu. Nisikilize kwanza, halafu unitukane.

Mzee Lomax ana saratani ya ini. Amelala kwenye vile vyumba vya nyuma vya hospitali, wanakowekwa wale ambao dawa imewashinda. Huko tuna utaratibu wetu wenyewe, wafungwa. Mtu akikaribia kuondoka, tunapeana zamu, hakai peke yake hata dakika. Tunamshika mkono, tunamlowesha midomo, tunamsomea, mpaka mwisho. Wengine hapa hawajashikwa mkono na mtu tangu wafungwe, dada. Wanashangaa. Kuna mmoja aliniuliza, "Unatafuta mapigo ya moyo?" Nikamwambia hapana, natafuta pete.

Unajua nilifika hapa nina miaka kumi na saba, baada ya kukaa kizuizini kule mjini. Shati la gereza lilinifika magotini. Siku ya pili jamaa mmoja akanipa chokoleti. Mzee Lomax akaja, akaichukua mkononi mwangu, akamrudishia. Akaniambia, "Dogo, hapa hakuna chokoleti ya bure. Ukiwa na hamu ya kitu kitamu, njoo kwangu uniombe, na utanilipa kwa kusoma ukurasa mmoja." Ndivyo nilivyojua kusoma vizuri, dada. Nimejifunza kwa biskuti. Ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu. Ndiye aliyenikalisha chini kila mwaka, siku ile ya Bwana Trent, akasema, "Leo hatuchezi dhumna. Leo unakaa na hilo jambo."

Sasa sikia. Sheria hii mpya inayonitoa mimi, yeye haimtoi. Siku ya kosa lake alikuwa ametimiza miaka kumi na nane majuma machache tu. Kwa sheria, mimi nilikuwa mtoto, yeye alikuwa mtu mzima, na hakuwa hata na ndevu za kunyoa. Hana mtu nje. Wote wamekufa.

Mwezi wa pili mwishoni aliniuliza, "Clif, zamu yangu ikifika, utakuwepo?" Nikamjibu kwa utani, kama kawaida yangu: "Nitakuwepo, Mzee. Niende wapi?" Tukacheka, akakohoa, nikamfuta mdomo. Majuma mawili baadaye nikaletewa tarehe ya mahakama.

Mtu akiitwa mahakamani anapelekwa jela ya mjini, anakaa huko majuma kadhaa, na akirudi, kitanda chake kina mtu na kazi yake ina mtu. Ningeenda Juni, nisingemwona tena. Nilisema neno lile kwa kucheka, lakini yeye alilisikia kama ahadi. Sikuweza kumwambia nilikuwa natania.

Yeye hajui. Akijua atanifukuza kwa mateke, na miguu yake haina nguvu ya kupoteza.

Nimeyasema. Sasa sema na wewe. Nani hana Oktoba?

Mdogo wako,
Clifton


Philadelphia
16 Julai 2017

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za mlangoni, kisha nikaingia ndani nikamsomea Mama. Na kwa kukwambia haya yanayofuata, na mimi navunja ahadi, maana yangu ilikuwa kwake.

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia haufanyi kazi. Mdomo umepinda kidogo, na maneno yanatoka yamelowa, mengine hayatoki. Hakuwa bafuni, Clifton. Alikuwa hapo hapo kitandani, anatikisa kichwa kwamba nisimpe simu, asije akaongea ukamsikia. Alichoniambia kwa shida, nusu saa nzima, ni hiki: "Usimwambie. Atafanya ujinga." Aliogopa utampiga askari, au utaruka ukuta, au utakata tamaa ukiwa umebakiza hatua. Kumbe ujinga wako ulikuwa wa aina nyingine kabisa.

Daktari hasemi miezi. Anasema, "Tunaangalia." Nimelichukia neno hilo.

Sasa nikwambie alivyofanya nilipomaliza kusoma. Mimi nilitegemea atalia, au atageukia ukutani. Akafumba macho muda mrefu, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Visigino."

"Visigino vya nani, Mama?"

"Vya... mzee."

Umesahau kwamba mama yako amefanya kazi nyumba ya wazee mpaka mgongo ukamshinda? Ametufanya tukae jioni nzima, yeye anasema nusu neno, mimi na Jarvis tunabahatisha nusu iliyobaki, kama wale wa mashindano ya televisheni. Haya ndiyo tuliyoyapata. Visigino vya mzee visigusane na shuka, weka mto chini ya miguu. Mgeuze upande, usimwache alale chali siku nzima. Midomo ipake mafuta, siyo maji tu. Usimwongeleshe kama mtoto. Na umwulize anapenda wimbo gani sasa hivi, akiwa bado anaweza kukwambia.

Halafu Jarvis akamwuliza, "Bibi, humkasirikii Anko?" Mama akasema neno moja, akalisema vizuri kuliko yote: "Amalize."

Mimi nimekasirika bado. Nataka ujue hilo. Nimekasirika nikiwa napiga pasi, nimekasirika nikiwa kanisani. Lakini jana dukani nimekununulia ule mkebe wa mafuta ya mgando, nikafika nao mpaka kwenye malipo ndipo nikakumbuka hawaruhusu kutuma. Nikaurudisha. Basi jua kwamba nilikuwa nao mkononi.

Verdell


Gerezani
3 Septemba 2017

Dada Verdell,

Hongera kwa kutunza siri. Sikujua kwamba unaweza. Katika mambo yote mliyonificha tangu nizaliwe, hili ndilo pekee lililofaulu.

Nilipoisoma barua yako nilikaa chooni, ndiko pekee mtu anaachwa peke yake. Kesho yake nikampigia Bi Kessler nikamwomba airudishe tarehe nyuma, hata kesho, hata leo jioni. Akasema, "Bwana Broadnax, haiwezekani tena, kalenda imejaa." Sikumtania. Akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo kwa juma moja zima sikuweza kumwangalia Mzee Lomax usoni. Namsugua miguu huku nikiwaza, hii ingekuwa miguu ya Mama. Nakuambia ukweli, kuna siku nilimchukia. Mtu mgonjwa, asiyeweza hata kujifunika, nikamchukia. Akaona. Macho yake yalikuwa yamekuwa ya njano, lakini yalikuwa yanaona.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Nani anaumwa, basi?"

Nikamwambia. Yote nikamwambia, na Juni pia. Nikangoja mateke. Akasema, "Wewe ni mpumbavu mkubwa. Nilikuwa natania na mimi."

Tukacheka mpaka nesi akaja kutazama nani ameanguka.

Baada ya hapo nikamuuliza wimbo, kama Mama alivyosema. Akaniambia wa kanisani, ule wa kuvuka mto, lakini akasema niuimbe haraka haraka, siyo kwa kukokota kama wa msibani. Na visigino niliviweka juu ya mto. Mwambie Mama hakupata kidonda hata kimoja. Nesi mkuu alisema hajawahi kuona. Nikamwambia hii ni fani ya ukoo.

Aliondoka Jumatano asubuhi, wakati wanagawa uji wa shayiri. Ilikuwa zamu yangu. Wimbo niliuimba haraka, dada, kwa sauti yangu hii ya kukwaruza, na mwenzake wa kitanda cha pili akasema, "Broadnax, mwache mtu afe kwa amani," na Mzee Lomax akatabasamu, namuapia Mungu, akatabasamu. Kisha akawa hayupo.

Uji wake nikampa yule wa kitanda cha pili. Alikuwa analia.

Nimemaliza. Sasa mwambie Mama anisubiri. Simuamuru. Namwomba.

Clifton


Philadelphia
29 Oktoba 2017

Mdogo wangu Clifton,

Bi Kessler anasema wameshakurudisha milimani kungoja bodi, kwa hiyo nakuandikia huko. Najua ulikuwepo mahakamani, lakini ulikaa umetugeuzia mgongo, na mikono imefungwa, na hukuruhusiwa kugeuka. Basi nikueleze yaliyokuwa nyuma yako.

Tulikuja kumi na moja. Kwaya ilikuwa na kofia zake zote. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mwisho wa benchi, kavaa lile gauni la zambarau, na Jarvis ameshika kiti kama vile kuna mteremko. Daktari alikataa asitoke. Mama akamwambia, "Tunaangalia."

Upande wa pili alikaa binti yake Bwana Trent, Rosalind, peke yake, na mkoba magotini. Amekuwa mtu mzima, ana mvi. Sikujua kama nimsalimie. Nilimwinamia kichwa, akainama na yeye.

Karani akasimama, akasema, "Taja jina lako, liandikwe." Na wewe, Clifton, ukasimama wima ukataja namba yako ya mfungwa.

Sikukulaumu. Ulivyotaja! Kama mtoto aliyekariri. Karani akasema, "Jina, bwana." Nikaona mgongo wako umekauka. Nikamwona Bi Kessler amekugusa mkono. Hukuweza. Wewe, mwenye mdomo wa kuuza barafu milimani kwenu, ulikosa neno.

Ndipo Mama akasema kutoka nyuma: "Clifton Earl Broadnax."

Yote matatu, na hakuna hata moja lililolowa. Miezi minane hajasema maneno matatu yakafuatana. Watu wote waligeuka isipokuwa wewe.

Jaji akauliza, "Nani huyo?" Bi Kessler akasema, "Ni mama yake, mheshimiwa." Jaji akatutazama, nikajua sasa tunatolewa kama mwaka ule. Akamwambia karani, "Andika kama mama yake alivyosema."

Mengine uliyasikia. Uliongea vizuri. Hukujitetea, na hukutania, na uliposema jina la Bwana Trent ulilisema taratibu. Rosalind naye uliyasikia aliyosema, kwamba hakuja kukusamehe, amekuja kusikia kama utalitaja jina la baba yake, na kwamba kukuweka ndani mpaka ufe hakumpi yeye kitu. Lakini hukuona kwamba alisema akiwa anamtazama Mama, siyo jaji.

Na jaji alipotamka thelathini, Sista Odessa alianguka juu ya mpiga kinanda.

Tulipokuwa tunatoka, upepo ulikuwa mkali pale mlangoni. Rosalind akatushikia mlango, kiti kikapita. Nikasema, "Asante, Bi Rosalind." Akasema, "Mfunge shingo, kuna baridi." Akaenda zake. Nimelala na hayo maneno mpaka leo. Sijui ni nini. Lakini shingo nilimfunga.

Bodi ikikuita, taja jina lako.

Dada yako,
Verdell


Nyumbani, Philadelphia
25 Februari 2018

Dada Verdell,

Pokea salamu za mganga mkuu, mpishi mkuu, na mwenye nyumba wa muda. Habari za Georgia? Lorraine hajambo? Wajukuu wamekumaliza? Najua kuna simu, na Jarvis ameninunulia moja yenye kioo kikubwa kama dirisha, lakini nikiigusa inaita watu nisiowajua. Juzi nimeongea dakika tano na mwanamke wa Ohio. Tumeelewana sana. Barua ni bora.

Usiulize kila siku kama Mama amekula. Amekula. Namgeuza, namsugua, namkandakanda ule mkono, na jana kidole gumba kimetikisika, nikamwita jirani aje ashuhudie. Ananichoka. Nikimwuliza mara ya tatu kama mto uko sawa, anafumba macho ajifanye amekufa.

Kula nimejifunza tena. Afisa wangu wa parole alikuja, akanikuta nimesimama nakula juu ya sinki kwa kijiko, haraka haraka. Akasema, "Bwana Broadnax, hakuna anayekunyang'anya." Nikamwambia, "Humjui Jarvis."

Lakini kuna jambo sikukwambia kabla hujaondoka, ili usiahirishe safari. Tangu nifike, mwezi mzima, sijatoka peke yangu. Kanisani nimekwenda na wewe, kwa afisa nimekwenda na Jarvis, dukani nimekwenda na yeyote. Nikifika mlangoni nasikia kama nimesahau kuomba ruhusa, nageuka narudi jikoni. Nikajipa sababu: Mama hawezi kuachwa. Na wewe ukaniamini. Mama hakuniamini.

Jana alasiri Jarvis alikuwa hapa, na jua lilikuwa limetoka kidogo. Mama akaniangalia ninavyokunja taulo ambazo nilishazikunja. Akasema, "Toka."

Nikasema, "Mama, unataka maji?"

"Toka. Nje."

"Niende wapi?"

Akanyoosha ule mkono mzima kuelekea mlangoni, kama alivyokuwa akitufukuza tukimchafulia sakafu. Jarvis akanirushia koti. Nikatoka.

Dada, nilitembea. Nilifika kona nikangoja mtu aniambie simama, hakuna aliyesema. Nikafika ya pili. Nikapita pale lilipokuwa duka la Bwana Trent, sasa wanasuka nywele. Nikavua kofia, nikasimama mpaka msusi akatoka kuniuliza kama nataka kusukwa, na mimi kichwa hakina hata unywele. Nikaendelea. Watoto walikuwa wanatupiana theluji, moja ikanipiga shingoni, wakakimbia wakidhani nitawafukuza. Niliwafukuza kidogo. Goti likakataa. Nikala soseji kwenye mkate barabarani, nikiwa nimesimama, kwa kupenda kwangu. Nikapotea. Mimi, Clifton, kwenye mtaa niliozaliwa, nikapotea, na sikumwuliza mtu, kwa sababu sikutaka kuonyeshwa njia haraka.

Niliporudi taa za barabarani zimewaka. Mama alikuwa macho, kajiegemeza kwenye mito, anatazama mlango. Nikafuta viatu. Akanitazama kuanzia kofia mpaka kwenye soksi.

Akasema, "Umechelewa."

Nikashika ukuta, dada. Nikasema, "Samahani, Mama. Kulikuwa na foleni."

Akacheka kwa ule upande unaocheka. Halafu akaniambia chakula kiko jikoni kimepoa, na niseme mwenyewe ni nani aliyekipoza.

Kaa huko mpaka uchoke.

Mdogo wako,
Clifton Earl